Kadi Isiyo na Mdomo

Dada Rao, anayeuza feni na nyaya upande wa pili wa ujia, anadai yule mzee alirudi tarehe ishirini na tisa, siku moja kabla ya mwaka wetu wa Kichina kuisha. Anadai aligonga shata la chuma la kibanda chetu kwa ngumi mpaka mlinzi akaja, mzee akamtukana bosi wetu, akamtukana na mama yake bosi, kisha akalala chali pale sakafuni na boksi kifuani.

"Kama maiti na zawadi yake," alisema Dada Rao, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Mimi sikuwepo. Siku hiyo nilikuwa kwetu Bijie, namsaidia mama kutundika nyama juu ya moshi. Lakini hayo ya ngumi na matusi siyaamini. Yule mzee hakuwa na pumzi ya kumtukana mtu. Siku ya kwanza alipopanda kibandani kwetu, ghorofa ya tatu, alisimama tu juu ya ngazi za umeme, hakuinua hata mguu, na bado alifika anahema kama mtu aliyebeba gunia.

Ilikuwa tarehe ishirini na tano. Huaqiangbei, soko letu la vifaa vya kompyuta, siku hizo inakuwa imeanza kupwaya, nusu ya vibanda vimefunikwa turubai na wenyewe wako njiani kwenda makwao. Alishika ukingo wa kabati letu la kioo, akangoja pumzi imrudie. Bosi Zhuo alikuwa anamimina chai kwenye vikombe vyake vidogo. Hakuinua kichwa.

"Karibu, mzee. Unatafuta nini?"

"Kadi ya picha. Ya kompyuta ya kuchezea michezo. Ni ya mwanangu."

Nilimjua kwa namna alivyolivuta lile neno la mwisho. "Mzee, wewe wa Bijie?"

"Wa Nayong." Akanitazama vizuri. "Na wewe, binti wa nani?"

"Wa ukoo wa Pan. Kule juu, Hezhang."

"Ala, wa milima ya pili tu." Akatabasamu. "Mimi Leng."

"Haya, ukoo umekutana," alisema Bosi. "Chinjeni na nguruwe kabisa. Mzee, kompyuta yenyewe iko wapi?"

Haikuwepo. Mwanawe, Shuo, alikuwa Wuhan. Kazi yake ni kuwachezea watu michezo: mwenye pesa asiye na muda anampa neno lake la siri, naye anacheza mpaka anampandisha daraja. Kadi yake ya zamani ilikuwa imeungua. Vitu vingine vyote angevibeba kwenye begi na kushuka navyo hapa mjini kwa baba yake tarehe ishirini na nane, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Baba alikuwa amemwambia kadi usinunue, nitanunua mimi.

"Amesema kompyuta ikiwaka chumbani kwangu, atakaa," mzee aliniambia kwa lugha yetu, taratibu, neno moja kwa pumzi moja. "Atafanyia kazi hapo hapo. Isipowaka anarudi Wuhan, kwa sababu wateja hawamngoji. Daktari ananiambia mapafu yameshakuwa mawe. Basi angalau awepo mtu wa kuita gari."

Alilisema kama mzaha. Nilicheka kidogo, kwa heshima.

Akatoa simu na kunionyesha picha aliyotumiwa na mwanawe: ubao mama, ule unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, na kando yake kichwa cha mashine, kile kinachopiga hesabu zote, kikiwa bado kwenye boksi lake. Chini Shuo alikuwa ameandika, "Baba, mwonyeshe fundi, akupe itakayoingiana."

Mimi nimeishia darasa la sita. Barua ya serikali inanichosha. Lakini majina ya vitu hivi nayasoma kama watu wengine wanavyosoma sura za watu. Ubao ulikuwa mzuri, wa juzi juzi, unapokea karibu kadi yoyote. Tatizo lilikuwa kwenye kile kichwa. Jina lake lilimalizika kwa herufi F, na F maana yake hakiwezi kutoa picha chenyewe. Mashine ya namna hiyo bila kadi ya kupeleka picha kwenye skrini ni kipofu.

Bosi aliiona ile F, ninajua aliiona. Akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mletee ya mgodini."

Kadi za mgodini ndizo zilizotujaza kibanda mwaka ule. Zilitengenezwa zipangwe kwa mamia kwenye mabanda, zichimbe pesa za mtandaoni, zisizimwe miezi na miezi. Kwa kuwa hakuna anayeziangalia, nyingine hazikuwekwa kabisa tundu la kuchomeka waya wa skrini. Sisi tunaliita mdomo. Mabanda yalipofungwa zikaja kwetu kwa magunia. Kazi yangu ilikuwa kuzisugua vumbi kwa brashi na pombe ya kusafishia, kuzibadilisha feni na kuzibandika karatasi mpya. Vumbi lake ni jeusi, linakaa puani siku mbili.

Kwenye soko letu ukimwambia mtu kadi yake ni ya mgodini umemtukana. Ndiyo maana Bosi alishusha sauti. Lakini mzee alisikia.

"Ya mgodini?" Uso wake uliamka. "Hii nayo imetoka mgodini?"

Bosi ana akili nyepesi. "Ndiyo, mzee. Imefanya kazi usiku na mchana haijalala. Hizi ni ngumu, si kama hizi za madukani zinazolialia."

"Mimi nimekaa chini ya ardhi miaka ishirini na miwili," mzee alisema. Akainyoosha mikono yote miwili kwenye kioo, na niliyaona yale madoa ya samawati chini ya ngozi, makaa yaliyoingia kwenye vidonda yakakaa. Baba yangu mdogo anayo pia. "Basi nipe huyu mwenzangu. Wenye migodi walitutupa hivyo hivyo, lakini bado tunafanya kazi."

Nilikuwa nimeishika. Nilikuwa nimeipima mwenyewe wiki ile. Ilikuwa nzima, inazunguka vizuri, haina kosa lolote ila hilo la mdomo. Kwenye ubao wenye kichwa kingine, kinachotoa picha chenyewe, mtu angeweza kuitumia. Kwenye ule wa Shuo, hapana. Kwenye rafu nyuma yangu kulikuwa na kadi tatu zenye midomo.

Mzee akaniinamia. "Binti, wewe ndiye fundi. Itaingiana na ubao wa mwanangu?"

Bosi alinikanyaga mguu chini ya meza. Hakukanyaga kwa nguvu. Alinikumbusha tu kwamba mguu ulikuwa pale.

"Itaingia," nilisema.

Na ilikuwa kweli. Tundu ni lile lile, ingeingia mpaka mwisho na kutoa ule mlio wake mdogo. Neno nililoulizwa lilikuwa jingine, refu kidogo.

Mzee aliifunga mwenyewe kwa skafu yake, ndani ya boksi, na kuikumbatia mpaka kwenye ngazi. Dada Rao alikuwa ameegemea kibanda chake anatafuna mbegu za alizeti.

"Lugha yenu hiyo ya milimani ina maneno mangapi?" aliniuliza. "Mwenzio kasema mia. Wewe nimekusikia moja."

"Mwache bubu wangu," Bosi alisema. "Ndiyo maana namlipa."

Usiku ule nilipanda treni. Saa nyingi za njia nilijiambia kwamba Shuo ni mtu wa kazi hizi, ataiona ile kadi mara moja, ataileta, na Bosi atanuna na kuibadilisha. Sikufikiri kwamba Bosi angefunga tarehe ishirini na saba. Au nilifikiri, nikalala.

Tumefungua leo, siku ya nane ya mwezi wa kwanza. Bosi aligawa bahasha nyekundu za pesa za mwaka mpya, tukasukuma shata juu. Boksi lilikuwa sakafuni upande wa ndani, limepondeka pembe kwa kusukumwa chini ya shata. Skafu ilikuwa bado imefungwa. Ndani mlikuwa na kadi, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani.

"Binti wa ukoo wa Pan. Mwanangu amefika. Kadi imeingia kama ulivyosema. Ila anasema haina mdomo wa waya wa skrini. Amenigombeza, anasema nimeuziwa takataka ya mgodini. Nimemwambia najua ni ya mgodini, niliichagua mimi, na msichana wa kwetu ndiye aliyeipima. Nadhani mdomo ulibaki mezani kwenu wakati wa kufunga. Tafadhali utafute. Isipowaka anaondoka siku ya nne ya mwezi wa kwanza. Ukiupata nipigie kabla ya hapo, nitakuja kuuchukua mwenyewe."

Chini kulikuwa na namba ya simu, na tarakimu moja ilikuwa imefutwa ikaandikwa upya ili isomeke.

Niliisoma mara mbili kwa sababu mimi husoma polepole. Kisha nikainama, nikaangalia chini ya meza. Kulikuwa na skrubu mbili na maganda ya mbegu.

"Unatafuta nini?" aliuliza Bosi. Akaichukua ile kadi, akaigeuza kwenye mwanga, akapuliza feni. "Kumbe imerudi. Nzima hii. Ipitishie pombe, uirudishe kwenye rafu."

Nimeipitishia pombe. Iko kwenye rafu, ya pili kutoka kushoto. Karatasi iko mfukoni mwangu, na simu iko kwenye mfuko wa pili. Namba nimeshaishika kichwani.