Shule Isiyokandikwa

Mwaka ule baada ya vita vya Hitler nilitoka Bungoma kwa miguu, msumeno begani, nikafika shamba moja la Mzungu upande wa Ndalu, kwenye njia ya kwenda Kitale. Nilikuwa nimesikia kuna mwalimu anatafuta fundi wa mlango. Nilimkuta amesimama ndani ya shule yake, na nilimwona vizuri tangu mbali, kwa sababu shule yenyewe haikuwa na ukuta. Nguzo zilikuwepo, fito zimefungwa sawasawa, paa la nyasi limenyooka. Udongo, hata konzi moja hakuna. Mbuzi alikuwa amepitisha kichwa kati ya fito, anamwangalia mwalimu kama mwanafunzi.

"Fundi, karibu," akasema. "Nataka mlango imara."

"Wa kumzuia nani?"

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Jina lake Wepukhulu. Hakuna aliyemtuma pale. Alikuwa akifundisha kwao Bungoma, akaja shambani kumtembelea shemeji yake, akaona watoto wa maskwota, vibarua waliokaa kwenye ardhi ya Mzungu, wakichuma maua ya pareto tangu asubuhi bila kujua hata herufi moja, akashindwa kurudi. Akamleta mkewe Sellah na binti yao Nanyama, akamwomba Mzungu kipande cha ardhi pembeni mwa shamba la mahindi. Mzungu akasema sawa, ila plau zikifika upande ule kabla nyumba haijaisha, atapanda mahindi hapohapo. Sasa kulima kulikuwa kumeanza. Asubuhi ulisikia watu wakiwapigia ng'ombe mluzi ng'ambo ya kilima, na kila siku mluzi ulisogea.

Shambani pale Wabukusu na Wakikuyu waliishi pamoja. Waligombana juu ya maji, juu ya kuku, juu ya nani anaharibu wimbo kanisani. Juu ya udongo hawakugombana. Kwa hawa na kwa wale, mwanamume hukata nguzo na kufunga fito, mwanamke ndiye hukandika. Basi kamati ya shule, wanaume watupu na Gachanja mwenyekiti wao, ikaamua akina mama waje Jumamosi. Mwalimu akatangaza kanisani. Akina mama wakaitikia vizuri sana. Jumamosi hakuja hata mmoja. Mwalimu akatangaza tena, safari hii na mstari wa Biblia juu yake. Akina mama wakasema amina. Jumamosi wakaenda kuni.

"Hawa ni wa kupigwa faini," Gachanja akasema. Tulikuwa tumekaa kwenye mbao zangu, tunaangalia njia iliyo tupu.

"Tuanze na wako?" mmoja akamwuliza.

"Wangui anaumwa mgongo."

"Jana nilimwona na gunia la viazi kwenye huo mgongo."

Gachanja akainuka, akapangusa suruali, akaenda zake.

Mimi nilikuwa nalala jikoni kwa mwalimu, kwa hiyo tulirudi pamoja. Sellah akatuletea ugali na mboga ya murere, akakaa pembeni akichambua mtama. Mwalimu alikula kidogo tu.

"Mama Nanyama," akasema, "hebu ongea na wenzako. Wewe watakusikia."

"Niwaambie nini?"

"Waache uvivu. Plau zinakuja."

Sellah akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Leo wewe uliniona pale shuleni?"

"Si ulikuwa na mtoto."

"Mtoto alikuwa anacheza hapo nje. Mimi nilienda kuni."

Mwalimu akaweka tonge chini. Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wake, na kupita katikati yao kungekuwa vibaya zaidi.

"Hata wewe," akasema taratibu.

"Hata mimi. Nimepika chakula cha waliokata nguzo. Nimebeba maji ya waliofunga fito. Siku gani uliniuliza hiyo shule iwe namna gani?"

"Mimi najenga ya watoto wetu, Sellah."

"Watoto gani? Si mlikata shauri wavulana waanze, wasichana watangoja nyumba ya pili? Nanyama atangojea wapi? Juu ya mti?" Hakupandisha sauti. Aliendelea kupepeta. "Nakupenda, baba Nanyama. Lakini ukuta ambao mtoto wangu atakaa nje yake, siukandiki mimi."

Mwalimu akasukuma sahani ya ugali pembeni. Halafu akanawa mikono, akavaa koti, akaniambia, "Fundi, twende kisimani." Nafikiri aliogopa kwenda peke yake.

Kisimani tuliwakuta akina mama wanasubiri zamu ya kuteka. Mkubwa wao alikuwa Nakhungu, kikongwe wa Kibukusu aliyezalisha karibu watoto wote wa shamba lile, na kila mtu alimwita kukhu, yaani nyanya. Wangui wa Gachanja alikaa karibu naye, na mgongo wake ulionekana mzima kabisa. Mwalimu akawasalimu, akasema amefikiri, ameona ni haki wasichana waingie pamoja na wavulana. Amekubali. Basi Jumamosi waje wakandike.

Alitegemea vigelegele, nadhani. Nakhungu akamtazama kama anayetazama mtoto aliyevaa shati nyuma mbele.

"Mjukuu wangu, umekubali nini?"

"Wasichana, kukhu."

"Na sisi tumeomba saa ngapi? Juzi ulikuja na amri yako. Leo umekuja na jibu letu, umelibeba wewe mwenyewe mfukoni. Sisi bado hatujafungua mdomo."

Wanawake wakacheka. Mwalimu uso ulimwiva. Nilidhani ataondoka, na angeondoka pengine ningekuwa nasimulia habari ya mahindi. Lakini alivua koti, akalitandika kwenye nyasi, akakaa chini kuliko wao.

"Basi semeni," akasema. "Mimi nasikia."

Kisha Wangui akasema kusajili wasichana ni rahisi, kazi ni kuwaleta. "Msichana ana mdogo wake mgongoni. Mama yake yuko kwenye pareto toka asubuhi, nani anamshika huyo mdogo? Utamwandika leo, kesho humwoni, halafu utasema ni mvivu kama mama yake."

"Hilo sikulijua," mwalimu akasema.

"Hukuuliza," Wangui akasema, lakini kwa upole.

Nakhungu akasema wako vikongwe ambao hawaendi tena pareto. Wangeweza kuwashika wachanga pale pale shuleni, kwa zamu, wapate mahali pa kivuli. Na mahali palikuwepo. Kila mtu alipajua. Kule mwisho wa nyumba mwalimu alikuwa ametenga chumba kidogo cha kwake, cha meza na kabati la vitabu. Ule mlango imara niliokuwa napiga randa ulikuwa wa chumba hicho. Alikuwa amenionyesha mpaka mahali pa kufuli. Tangu aanze kufundisha alikuwa akiweka vitabu chini ya kitanda.

Alitazama maji. "Chukueni kile chumba," akasema.

Lakini si kila kitu alikubali. Walitaka masomo yaanze mchana, maji na kuni vikiwa vimekwisha. Akakataa, akasema mchana mtoto aliyechuma pareto anasinzia tu, atakuwa anafundisha vichwa vilivyolala. Wakabishana mpaka vivuli vikarefuka. Mwishowe Sellah, ambaye sikuwa nimemwona akija, akasema kutoka nyuma, maji yachotwe jioni ya kabla. Nakhungu akanung'unika kuwa maji ya kulala yana ladha ya chungu, lakini akakubali. Wakakubaliana pia kwamba Nakhungu na Wangui wataingia kwenye kamati.

Gachanja aliposikia akauliza, "Ati mke wangu akae mkutano mmoja na mimi?"

"Kama hutaki, udongo uko pale," mwalimu akamjibu. "Kanyaga."

Gachanja akatafuta kiti cha pili.

Jumatatu yake akina mama walikuja na majembe, kabla hata ya Jumamosi. Walichimba udongo, wakachanganya na samadi na nyasi, wakaukanyaga wakiimba, huyu kwa Kibukusu, yule kwa Kikikuyu, wimbo mmoja. Mimi nilikuwa nang'oa nguzo kupanua mlango wa chumba cha wachanga. Mwalimu akauliza asimame wapi. Nakhungu akampa debe, akamtuma maji pamoja na wasichana. Aliyamwaga nusu njiani, na wasichana walimwambia hivyo.

Ukuta ulikuwa bado maji wakati Kipketer, nyapara wa shamba, alipotokea na jozi za ng'ombe na plau. Akasimama. Wanawake waliacha kuimba.

"Mwalimu," akasema, "bwana aliniambia nyumba iwe imeisha. Hii naona ni tope. Itakauka lini?"

Mwalimu akaweka debe chini. "Ukuta huu sikuujenga mimi," akasema. "Uliza wenyewe."

Kipketer akageukia akina mama. Wangui akafuta mikono kwenye kanga. "Mkituachia jua la wiki hii, umekauka. Mkilima hapa karibu, vumbi litaingia na utapasuka. Na ukipasuka tutaanza upya, na pareto ya bwana itachumwa na nani?"

Nyapara akaangalia ukuta, akaangalia wale wanawake wote waliosimama na tope mpaka magotini. Alikuwa na watoto wawili yeye mwenyewe.

"Nitamwambia bwana imeisha," akasema, na akawageuza ng'ombe.

Jioni nilikuta mwalimu na mkewe wamekaa nje, miguu yao kwenye karai moja. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo.

"Jumatatu ijayo," mwalimu akasema, "tuanze na nini? Mimi nilifikiri hesabu." Akasita. "Lakini nakuuliza."

Sellah alifikiri huku akimsugua kisigino. "Mimi ningeanza na majina. Bwana huwaita wote toto. Wako hapa watoto ambao mtu mkubwa hajawahi kuwauliza jina lao."

"Basi majina. Utasimama mbele pamoja na mimi? Si ulisoma misheni?"

"Nilisoma kidogo."

"Kidogo kinatosha kwa majina."

Sellah akainua mguu wake, akautazama kama umesafika, akaurudisha kwenye maji.

"Nitafikiria," akasema. "Leta ule mguu mwingine."