Uso wa Qamar Dirishani

Phelister alijiona fundi wa picha kweli kweli, kumbe kamera ilikuwa imemcheza shere. Picha aliyoleta ilionyesha dirisha na ghorofa za Kariobangi nje, safi kabisa. Mbele ya dirisha kulikuwa na kivuli cheusi kilichojitanda ushungi. Kivuli hicho ndicho Qamar, na mwenyewe alipoiona machozi yalimlengalenga.

"Hii ndiyo nimpelekee mama? Atasema na mimi nimekufa, mnamficha."

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Qamar alikuwa amefiwa na mumewe na yumo edani, hatoki nje. Mama yake huko Wajir hakuweza tena safari, na salamu za mdomo alishazikataa. Alitaka kumwona binti yake. Magan, kakake Qamar, angepanda basi kesho yake alfajiri.

Juani Qamar haendi. Kuelekea dirisha pia hapana, maana roshani ya jirani ilijaa wanaume. Ndiyo maana alikaa akilipa dirisha mgongo. Na taa ya kamera ilikuwa imekufa, ikachagua wiki hiyo hiyo, ndivyo vyombo hivi vilivyo na roho mbaya.

"Dada, nipe nafasi moja tu," Phelister alisema.

Safari hii hakuiamini sindano ya kamera, ile inayopima mwanga. Ilikuwa ikiona dirisha, ikadhani chumba kizima kinawaka, ikabania mwanga. Akasogea mpaka lenzi ikakaribia pua ya Qamar, akapima uso pekee, akafungua lenzi vya kutosha, kisha akarudi nyuma bila kubadilisha kitu. Magan akapewa shuka jeupe alishike mbele ya dadake, limrudishie mwanga usoni.

"Nishike mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie, na usitingishike."

Jioni picha ilipotoka studio, dirisha lilikuwa limeungua, jeupe pe, ghorofa zote zimepotea. Lakini uso ulikuwepo, macho na mashavu yaliyoingia ndani. Phelister akaanza kuomba radhi kwa dirisha.

"Mama hakuomba dirisha," Qamar akamkatiza.

Magan aliporudi kutoka Wajir alimkuta Phelister kwa dadake. Alibeba mkebe wa nyirinyiri, nyama iliyohifadhiwa kwa samli.

"Mama ameishika picha kutwa nzima," akasema. "Anasema umekonda, ule."

Qamar akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akalia kidogo, akaenda kutafuta sahani, yake na ya Phelister.