Picha Tupu

"Itoe hiyo picha, Bushra! Itoe huko ulikoipandisha, ndipo niuchomeke waya!"

"Bi Mwanamkuu, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Itoe!"

Hapo ndipo mtaa wetu hapa Msambweni ulipoziacha sufuria jikoni. Mwanamkuu amesimama mlangoni pake, leso moja kiunoni, nyingine kichwani, na mkononi kashika ule waya mweusi wa intaneti. Mtaani nyumba ya ghorofa ni yake peke yake, kwa hiyo kisahani cha kunasa mtandao kilifungwa juu ya paa lake, na Bushra, jirani wa ukuta kwa ukuta, anavuta waya kutoka pale. Waya ukichomolewa, Bushra hana kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa ya siku hiyo: kampuni moja ya Diani, inayopeleka watalii kutazama pomboo, ilimwambia kwamba ikifika saa tisa mashine yao ya tiketi iwe imeamka huko mtandaoni wanakokuita mawinguni, la sivyo kazi anapewa mtu wa Nairobi. Ilikuwa saa nane na robo.

Chanzo ni Zainabu wa viazi karai. Zainabu hasikilizi mambo ya watu. Mambo ya watu ndiyo yanayomfuata. Alipita chini ya dirisha la Bushra, akainama kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na ndara. Akamsikia binti akizungumza kwa simu na Adnan, mwenzake wa kazi: "Mimi nataka picha tupu, Adnan. Isiwe na kitu chochote juu yake. Zile zilizovalishwa tayari ni nzito. Hii tupu naipandisha sasa hivi, mteja aione leo leo."

Dirisha hilo linatazama uani kwa Mwanamkuu. Uani kuna bafu la makuti lisilo na paa. Na Mwanamkuu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga. Zainabu akajumlisha. Habari ilipotufikia sisi wa upande wa pili, picha zilikuwa tatu, na moja ina povu.

"Si picha ya mtu, mama," Bushra akasema. "Ni picha ya mashine."

"Mashine nayo huvuliwa nguo?"

"Mashine yenyewe haipo. Ni ya kukodi, iko mbali huko. Ukitaka iamke, unachukua picha yake, ndani mna kila kitu cha kuianzisha. Kuna picha tupu, hiyo unaivalisha mwenyewe, programu moja moja. Na kuna zilizo tayari."

Mwanamkuu akatugeukia. "Mashine haipo, lakini picha yake ipo. Mnamsikia?"

Tulimsikia. Hata Abdulkadir, mwenyekiti wa mtaa, alimsikia, maana alifika kwa mbio ambazo hatujawahi kumwona nazo siku za mkutano wa maji. "Ushahidi lazima utazamwe kwa utulivu," akasema, akitoa miwani.

"Miwani ya nini, Abdulkadir?"

"Ya utulivu."

"Irudishe mfukoni."

Shida ni kwamba picha haionekani bila mtandao, na mtandao umo kiganjani mwa Mwanamkuu. Akafikiri. Akichomeka, ameshindwa. Asipochomeka, atabaki na povu lake mdomoni mwa Zainabu hadi kiyama. Akachomeka.

Bushra akaiweka kompyuta barazani, vichwa vikainama. Giza. Maandishi meupe machache, na kijistari kinapepesa.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe humo hata kidogo, mama."

"Hata mkono?" Wallahi, sauti ilikuwa ya mtu aliyenyimwa haki yake.

Lakini Bushra hakucheka. Alikuwa ameiinamia ile kompyuta. "Ilikatikia katikati. Nilikuwa nimeshaivalisha nusu. Kuanza upya ni saa mbili nzima, na sasa ni saa nane na nusu." Akaketi chini, akajifunika uso kwa ushungi.

"Hizo za tayari si zipo?" Mwanamkuu akauliza.

"Zipo. Lakini zina makorokoro mengi nisiyoyataka. Na fundi wa kweli huvalisha mwenyewe."

"Fundi wa kweli! Mwanangu, arusi ya jirani yetu Hafsa nilivaa buibui la kununua Ukunda, limeshonwa tayari, hapa refu, hapa pana, na hakuna aliyesema niko uchi. Kwenye waya wangu hakipiti kitu tupu. Chukua iliyovaa!"

Bushra akachukua iliyovaa. Ilikuwa huko huko mawinguni, ikaamka huko huko, hakuna cha kuvutwa programu moja moja kwenye waya wetu. Akabandika bei na saa za safari. Saa tisa kasoro dakika tano, kwenye kioo akatokea pomboo anaruka, na chini yake kitufe cha tiketi. Simu ikalia. Bushra akasikiliza, akasema "Ahsante" mara nne, akalia.

Abdulkadir alikuwa ameshavaa miwani. "Mbona huyu naye yuko tupu?"

"Abdulkadir, nenda kwako." Mwanamkuu akamshika Bushra mkono. "Umekula?"

"Tangu asubuhi, mama, sijatia kitu."

"Karibu ndani, kuna wali wa nazi na papa. Hiyo mashine yako ifunike kwanza, isitutazame tukila. Nawe Zainabu, ingia. Nikikuacha nje utasema tumekula mtu."