Amri ya Mpakani

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, katikati ya mwaka 1987. Mvua ya rasharasha ilinyesha Mbarara, ingawa upande wa kilima cha Kamukuzi jua lilikuwa likiwaka.

Kulusumu alisimama kwenye lango la kambi ya jeshi, kanga imemganda mwilini, akimtazama mtoto aliyemtafuta tangu jana. Mastula alikuwa mzima. Alikaa kwenye kigoda chini ya upenu wa kibanda cha zamu, akinywa uji wa mtama kwa kikombe cha bati. Kando yake alisimama Provia, mke wa koplo mmoja wa kambi ile. Provia ndiye aliyemwokota mtoto sokoni, alipomkuta analia bila sauti nyuma ya magunia ya ndizi, na wauza ndizi ndio waliomwelekeza Kulusumu hapa.

"Mastula! Njoo, mwanangu!"

Mtoto alimtazama mara moja. Kisha akamtazama askari wa zamu. Kisha akakiinamia kikombe chake.

"Wewe katoto," Provia akasema, "unajua huyu mama?"

"Hapana. Simjui."

Askari akacheka. "Mama, hata mbuzi inajua mwenyewe!"

"Nyamaza wewe," Provia akamkemea. "Hata kufua shati yako hujui, utajua mambo ya watoto?"

Kulusumu hakucheka wala hakukasirika. Maneno ya mtoto yalikuwa maneno yake mwenyewe, yamerudi kwake neno kwa neno.

Alikuwa amemtoa Mastula Buyenzi, mtaa wao wa Bujumbura, ili ampeleke kwa mama yake. Mama huyo, Zainah, dada mkubwa wa Kulusumu, alikuwa mkimbizi katika makazi ya Nakivale tangu mtoto, aliyeachwa kwa Kulusumu, akiwa na miaka mitatu. Sasa mtoto alikuwa na sita. Kulusumu alikuwa na karatasi za safari. Mtoto hakuwa nazo. Njia nzima alimfunga mkono kwa pembe ya kanga yake asipotee. Mpakani alilifungua fundo, akamchanganya na akina mama waliovuka na mizigo ya kabichi, akamwambia: "Ukimwona mtu wa sare, mimi hunijui. Akikuuliza, sema hunijui. Hunijui mpaka utakapomwona mama yako."

Mastula alivuka kama aliyezaliwa katika mizigo ile. Ng'ambo ya pili Kulusumu alimnunulia yai la kuchemsha, akamsifu mpaka mtoto akaona haya. Alimsifu, lakini hakumwambia kwamba amri imekwisha.

Jana, sokoni Mbarara, askari wawili walikuja kununua sigara. Kulusumu alikuwa akipatana bei ya sukari ya kumpelekea dada yake. Alihisi vidole vidogo vikichomoka mkononi mwake. Alidhani mtoto anajikuna. Alipogeuka, hapakuwa na mtu.

"Ana kovu chini ya goti la kushoto," sasa alimwambia Provia. "Aliungua na chungu."

Provia aliinua gauni la mtoto kidogo, akaliona kovu, akalishusha gauni. "Iko. Lakini hata mwizi akibeba mtoto kwa basi, anaona kovu. Nyabo, mama yangu, mimi siwezi kupeana mtoto kwa mtu yeye anakataa. Mama yake iko wapi?"

"Nakivale."

"Lete yeye. Mtoto atakula kwangu, atalala kwangu. Usipoleta, tunaenda polisi."

Ndilo jambo ambalo Kulusumu alikuwa akimwomba Mungu amwepushe nalo: kufika kwa dada yake mikono mitupu.

Wahabu, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa akienda ziwani Nakivale na pikapu yake. Alimpakia mbele. Njia nzima Kulusumu aligeuka kutazama nyuma.

"Mama, umeacha jiko linawaka?" Wahabu akauliza.

"Nimeacha zaidi ya jiko."

Mpaka wanaingia makazini alikuwa ameshautengeneza uongo, ameukata na kuushona: mtoto ana homa kidogo, amepumzishwa mjini kwa Waislamu wenzetu, keshokutwa atakuja. Ulikuwa uongo mzuri. Lakini Zainah alimpokea mlangoni, akamwingiza ndani, na pale ndani, pembeni mwa kitanda kikubwa, palikuwa na kitanda kifupi cha miti mibichi. Maganda yalikuwa hayajakauka. Juu yake palitandikwa mkeka mpya.

"Yuko nje?" Zainah akauliza, shingo imerefuka. "Anaona haya? Mwite basi!"

Kulusumu akautazama mkeka ule. Akakaa chini, akasema kila kitu.

Zainah hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia asikujue."

"Mpakani tu, Dada."

"Na ulimwonyesha fasi, pale mpaka unapoishia?"

Zainah alijitanda ushungi. "Haya, simama. Na akikana na mimi? Nilimwacha ananyonya kidole. Uso wangu haukumbuki."

Walirudi na Wahabu, miguu yao katikati ya makapu ya sato. Walifika langoni alasiri, mvua imekatika.

Mastula alikuwa pale pale kwenye kigoda, Provia akimsuka. Zainah alisimama hatua chache kutoka kwake, asithubutu kusogea. Mtoto alimtazama Zainah, akamtazama Kulusumu, akarudi kwa Zainah. Pua ile ile ya Kulusumu. Mwanya ule ule.

"Wewe ndiye mama?"

"Ndimi."

Mastula alifikiri. Kisha akanong'ona, jicho kwa askari: "Basi sasa naruhusiwa kumjua Mama Mdogo?"

Zainah aliitikia kwa kichwa. Mtoto akaruka kutoka kigodani, nywele nusu zimesukwa, akampita mama yake mzazi aliyekwisha fungua mikono, akajitupa tumboni kwa Kulusumu, akalia kilio alichokibana tangu jana.

Kulusumu alimkumbatia huku akiiona mikono ya dada yake ikishuka polepole. Furaha ile haikuwa yake. Alikuwa ameiiba mara ya pili, baada ya ile miaka mitatu ya kumlea.

"Sasa nimeamini," Provia akasema, akafuta macho kwa kiganja.

Askari alisogea kufungua lango. Mastula alipoliona buti lake, vidole vyake vikaanza kuchomoka tena. Kulusumu akavishika. Alipiga magoti matopeni, mbele ya sare ile, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mimi ni mama yako mdogo. Tumetoka Buyenzi. Huyu ndiye mama yako. Unatujua mbele ya mtu yeyote."

Kisha akauchukua mkono mdogo, akautia mkononi mwa Zainah.

Askari hakuuliza karatasi, alifungua lango. Provia alimaliza kumsuka mtoto, akaenda kuosha kikombe. Wahabu aliuza samaki wake. Zainah alipanda nyuma ya pikapu, akamfunga Mastula kwa kanga yake mwenyewe. Mastula alilala kabla gari halijatoka mjini. Kulusumu alikaa mbele, kando ya Wahabu, na safari hii hakugeuka nyuma.