Gari Lililozimika Getini

Jumanne saa mbili asubuhi gari la wagonjwa lilirudi gereji kwa mara ya nne, likivutwa kwa kamba na trekta la taka. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akinywa chai. Alipoliona likikata kona alimwaga chai iliyobaki, akasimama, akajifuta mikono ambayo ilikuwa bado haijachafuka.

Mjini walimwita Sikio. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, asiye na maneno mengi. Gari likipita barabarani, naye yumo chini ya gari jingine, angeweza kukwambia ni plagi ipi iliyokufa. Lakini gari hili lilikuwa limemtoa jasho, wiki ya sita sasa, na watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba Sikio limezibwa na nta.

Aliyeshika usukani huku trekta likifanya kazi alikuwa dereva wa hospitali, mume wa mdogo wake. Alishuka akiwa amekunja uso.

"Shemeji, limezima tena."

"Wapi?"

"Palepale. Getini."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuudhi kwa sababu haukuwa na haya. Gari likiwa mwendoni lilikwenda kama lililotoka kiwandani jana; lilipanda vilima bila kukohoa, na dereva aliapa kwamba halijawahi kumwangusha njiani. Lisimamishe tu huku injini inanguruma. Dakika ya kwanza shwari. Dakika ya pili linaanza kutetemeka kama mwenye homa, mngurumo unapanda na kushuka, linakohoa mara mbili, kimya. Lipumzishe, liwashe, litawaka. Liache, litazima.

Mara ya kwanza Fundi alisafisha plagi. Mara ya pili alibadilisha chujio la mafuta na la hewa. Mara ya tatu alifungua koo la injini, pale hewa inapoingilia, akalisugua kwa petroli mpaka likang'aa kama sahani ya bibi harusi, kisha akapima nyaya zote, waya kwa waya. Kila mara gari lilinguruma vizuri gereji kwa nusu saa nzima, likamdanganya, likaenda kumwaibisha getini. Katibu wa hospitali alikuwa amemtumia salamu kwamba kama kazi imemshinda aseme, si dhambi.

Safari hii hakugusa spana. Alichukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, akatia ncha moja sikioni, akamwambia dereva awashe. Kisha akaipitisha ile ncha nyingine taratibu juu ya injini, kwenye kila kiungo na kila mkanda wa chuma, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto mkaidi. Hewa ikivuja mahali, husikika ikifyonzwa: fyuu, moja kwa moja, bila kituo.

Kwenye bomba kubwa la hewa, nyuma ya chujio, aliisikia. Lakini haikuwa fyuu. Iliingia, ikatulia, ikatoka. Ikaingia tena, kwa shida, na mluzi mdogo mwishoni.

Alimwashiria dereva azime. Injini ikanyamaza. Pumzi ikaendelea.

Fundi aliegemea boneti. Alihisi hasira kwanza, hasira ya mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima na kumbe ziko mfukoni mwa mwenzake.

"Nani humo?" akauliza.

"Usiulize nani humo kama mtu aliyekuja kuiba kuku," sauti ikajibu kutoka ndani ya bomba. "Salimia kwanza."

Aliijua. Ilikuwa ya Mwalimu wa Hesabu, mama aliyemfundisha darasa la tano, na aliyezikwa wiki sita zilizopita kwa mazishi makubwa ambayo Fundi mwenyewe alihudhuria, akasimama nyuma kwa sababu alitoka kazini na nguo chafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuona siku ile ukiwa na matope. Si kitu."

Dereva naye akasogea kuamkia, maana ndiye aliyembeba siku yake ya mwisho, akamuuliza anaendeleaje. Mwalimu alisema kifua kimepungua kidogo, ila dereva awe anapunguza kasi vilimani, kwa kuwa humo ndani joto linazidi.

Kisha akaeleza, kwa mpangilio, hatua kwa hatua, kama alivyozoea ubaoni. Siku ile pumu ilimbana. Dereva alifika upesi, na kutoka nyumbani hadi hospitali walitumia dakika kumi na moja. Getini wakasimamishwa. Kulikuwa na amri iliyobandikwa ukutani mwa kibanda cha mlinzi: gari lolote haliingii mpaka fomu ya mapokezi ipigwe muhuri ofisini kwa Katibu. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Aliisoma ile amri kwa sauti ili wasidhani anaitunga. Mdogo wake Mwalimu, aliyemsindikiza garini, alikimbia ofisini na fomu. Muhuri ulikuwa ndani ya droo, ufunguo wa droo alikuwa nao karani, na karani alikuwa amekwenda kunywa chai. Gari lilisimama likinguruma dakika arobaini na tatu. Mtungi wa oksijeni uliisha katika dakika ya kumi na tisa.

"Ndipo nikaanza kutafuta hewa iliko," Mwalimu alisema. "Niliisikia inapita mbele, kwenye injini. Nikaifuata. Gari likikimbia, inaingia ya kututosha sisi wawili. Likisimama, inatosha mmoja, isipokuwa hapa kwako boneti ikiwa wazi. Hesabu ndogo tu hiyo, ungenipa daftari ningekuandikia."

Fundi hakuhitaji daftari. Ndivyo injini zilivyo: gari likisimama hunywa hewa kwa kijiko, na ukizidokolea kijiko hicho zinakufa. Alifurahi, kwa muda mfupi, kwamba sikio lake lilikuwa bado zima. Halafu furaha ikamkauka mdomoni.

Alikwenda hospitali kwa miguu. Katibu alimpokea vizuri, akamkalisha, akamsikiliza bila kumkatiza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa mafaili. Kalamu zake zilikuwa zimepangwa kwa urefu. Aliuliza kama Mwalimu alikuwa amekamilisha fomu.

Fundi akasema hakukamilisha, ndiyo maana yumo kwenye bomba.

Katibu akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Alieleza kwamba hapo ndipo penye ugumu. Kwa mujibu wa kumbukumbu, huyo mama hakuwahi kufika hospitali. Mtu ambaye hajapokewa hawezi kuruhusiwa kutoka. Kwa hiyo suala lake haliko upande wa tiba, liko upande wa usafiri, na upande wa usafiri ndio huo aliopewa Fundi.

"Mzee," Fundi alisema, "gari halina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye geti lako. Liache wazi, gari liingie, karatasi zifuate nyuma."

"Wewe ni fundi wa magari," Katibu akajibu kwa upole. "Geti lina fundi wake. Gari nalihitaji Alhamisi."

Njia nzima ya kurudi Fundi alikuwa akizungumza peke yake, na wenye maduka waliompisha walidhani amepata msiba mpya. Alipofika alimwambia dereva gari halitoki, litaozea hapo, wakabebe wagonjwa kwa toroli. Dereva akasema kwamba toroli nalo litasimamishwa getini, ila litachelewa zaidi kufika.

Fundi akageukia bomba. Akamuuliza Mwalimu, kwa adabu zote, kama hakuna mahali pengine pa kwenda.

"Niende wapi, mwanangu? Mbele sijapokewa, nyuma nimeshazikwa."

Basi akaishika spana. Alitafuta mpira mwembamba usiopasuka kwa joto, akauchomeka pale Mwalimu alipokuwa, akaupitisha kando ya betri hadi nje, karibu na taa ya kushoto, na kwenye ncha yake akafunga chujio dogo la pikipiki ili asivute vumbi. Kisha akaziba kila mahali ambapo njia yake na njia ya injini zilikutana, sasa kila mmoja na hewa yake. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Alipomaliza aliwasha gari, akaweka juu ya injini kikombe kilichojaa maji mpaka ukingoni.

"Vuta, Mwalimu."

Mwalimu akavuta. Injini ikanguruma saa nzima, tulivu, na maji hayakumwagika tone.

"Kazi nzuri," Mwalimu alisema. "Ila uwe unapima kabla ya kukata. Umepoteza inchi mbili."

Alhamisi gari lilirudi kazini. Wiki iliyofuata lilisimama getini dakika hamsini na tano, na halikuzima. Wiki baada ya hiyo, saa moja na robo. Fundi akaletewa barua kutoka kwa Katibu, barua ya kwanza ya pongezi aliyowahi kuandikiwa na ofisi yoyote. Ilisema kwamba usumbufu uliokuwa ukitokea getini umekwisha kabisa, na kwamba magari sasa yanaweza kusubiri kwa muda wowote utakaohitajika.

Aliisoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu ya risiti, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: FUNGUENI GETI. Akamtuma dereva airudishe. Ilipokewa siku hiyohiyo, ikapigwa muhuri mbele na nyuma, ikapewa namba, ikawekwa kwenye faili. Dereva alimletea nakala.

Mwisho wa mwezi yakaletwa magari mengine mawili ya hospitali, pamoja na lile la kwanza. Hayakuwa na kasoro yoyote. Fundi aliyasikiliza hayo mawili kwa mpira wake na hakukuta pumzi ya mtu. Dereva alikuwa na agizo la maandishi kutoka kwa Katibu: kila gari lifungwe mipira ya hewa sita, yenye vichujio, kwa tahadhari.

"Sita," Fundi alisema.

"Amesema sita, shemeji. Na mimi usinitazame hivyo. Mimi natumwa tu."

Alitukana, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya mbele ya Mwalimu, akaitupa spana ukutani, akaenda kukaa nje kwenye jua kwa muda mrefu. Dereva hakumfuata. Aliporudi aliiokota spana, akapima, akakata. Kufikia jioni gari moja lilikuwa limekamilika: mipira sita imepangwa mstari mmoja upande wa kushoto, imebanwa kwa vibanio, midomo yake ikitazama nje.

Mwalimu, ambaye gari lake lilikuwa limeegeshwa pembeni, aliomba aelezwe jinsi ilivyopangwa. Fundi akamweleza. Pumzi ikaingia, ikatoka.

"Yote kimo kimoja?"

"Yote, Mwalimu."

"Miwili ishushe chini. Watoto watafikaje?"

Fundi alisimama pale na bisibisi mkononi. Kisha akapiga magoti, akalegeza vibanio viwili vya mwisho, akaanza kuishusha.