Mstari Mmoja wa Ziada

Ofisi ya makaburi ya parokia yetu hufungwa Jumamosi, ndiyo maana tukaichagua Jumamosi. Tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni hakuna ambaye angeigusa hifadhidata ya marehemu. Muda huo ulitutosha kuihamisha kutoka seva ya zamani, yenye miaka kumi na tisa, hadi toleo jipya. Nilimaliza masomo ya jioni mwezi wa tano, na hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza kuiongoza mwenyewe. Urho, fundi aliyebakiza miezi miwili astaafu, aliketi kando yangu na chupa ya kahawa.

"Kunywa kwanza, Saimi. Seva hii ni kongwe kuliko ndoa yangu ya pili, haina haraka."

"Na ndoa ya kwanza?"

"Ile sikuiwekea nakala. Ikapotea yote."

Nilicheka, nikabonyeza. Ilipomaliza kupakia tukahesabu mistari, mtu mmoja mstari mmoja. Ya zamani: 18,204. Mpya: 18,163. Arobaini na mmoja hawakuvuka.

Niliwajua kabla sijawafungua. Zamani mtoto akizaliwa bila pumzi, hospitali ilimlaza ndani ya jeneza la mtu mzima yeyote aliyekuwa akizikwa juma hilo, mgeni kabisa, ili asilale peke yake. Makarani walipokuja kuwaingiza kwenye kompyuta hawakuwa na tarehe, wakaandika sifuri tupu. Seva ya zamani ilizimeza sifuri zile. Mpya haijui siku ya sifuri, ikawatupa nje.

"Wape mosi Januari 1900," alisema Urho. "Sote tunafanya hivyo."

"Hawakuzaliwa siku hiyo."

"Haya, mama. Waachie nafasi tupu basi."

Nikaruhusu tarehe ibaki tupu, nikafuta kila kitu, nikapakia upya kutoka faili lile lile tulilolitoa kwenye seva ya zamani asubuhi. Tukahesabu.

18,205.

Nje jua la Juni lilikuwa kali, mtu akikata nyasi kati ya mawe ya makaburi. Urho aliweka kikombe chini. Tulitafuta huyo mmoja aliyezidi, tukampata: mstari usio na jina wala tarehe. Palikuwa na mahali tu, sehemu D, kaburi 112. Kwenye seva ya zamani kaburi hilo lilikuwa na mtu mmoja, seremala Kalervo Huttula, aliyezikwa 1961.

"Faharasa ya zamani imeoza," alisema Urho. "Ikihesabu inamruka mtu. Nimeshaona mambo haya. Futa, pakia tena."

Nikafuta. Nikapakia. 18,205. Mstari ulikuwa palepale, ila sasa ulikuwa na mwezi: Machi 1961.

"Umeandika wewe?" aliniuliza.

"Niandike saa ngapi, na wewe umenikodolea macho?"

"Basi faili limebadilika."

Tukalipima faili. Alama yake ya uhakiki, ambayo hubadilika hata herufi moja ikiguswa, ilikuwa ile ile ya asubuhi, tarakimu kwa tarakimu. Urho hakutania tena. Nilihisi maziwa yakinijaa kifuani ingawa saa ya Helka wangu kunyonya ilikuwa bado, nikajifunika kwa sweta.

"Mara moja tu," nilisema. "Ya mwisho."

Mara ya tatu mstari ulikuwa na jina la mama: Vieno Karhapää.

Sote wa ofisi ile tulimjua Vieno. Kila mwaka theluji ikiyeyuka alipiga simu kuuliza mtoto wake aliwekwa kwa nani, na kila mwaka tulimjibu kwamba hayumo kitabuni wala kwenye kompyuta. Ana miaka themanini na sita. Mwaka huu mimi ndiye niliyemjibu. Aliniambia asante, mwanangu, kama vile nimempa kitu.

Nikafungua orodha ya makaburi ambayo muda wake wa kukodiwa umekwisha. 112 lilikuwemo. Huttula hakubakiza ndugu. Saa kumi mfumo mpya ungelitangaza kuwa wazi, na Jumatatu jiwe lingeng'olewa ili achimbiwe mwingine. Lakini kaburi lenye mtoto haliguswi mpaka mama yake aulizwe. Mstari ule tu ndio uliosimama kati yake na koleo.

"Hesabu zisipolingana haturuhusiwi kuwasha," alisema Urho taratibu. "Unajua. Tunamfuta na kutia sahihi, au tunarudi kwenye ya zamani."

"Kwenye ya zamani hayumo."

"Saimi, uko kwenye majaribio ya kazi. Na mtu huyu ametoka wapi? Niambie ametoka wapi!"

"Sijui."

Nikachukua fomu, nikaandika: ya zamani 18,204, mpya 18,205, tofauti imeachwa kwa makusudi. Nikaweka sahihi yangu. Urho akanipokonya kalamu.

"Miezi miwili. Watanifanya nini?" Akatia yake.

Tukawasha saa kumi kasoro dakika tano. 112 likatoka kwenye orodha. Nikampigia Vieno, nikamwambia nimepata mahali: sehemu D, kwa seremala. Nilimsikia akizima redio yake jikoni.

"Alikuwa mtu mwema huyo seremala?" aliuliza.

"Sijui, Vieno. Natumaini."

"Na wangu... walimfunika shuka, wakaondoka naye. Hawakuniambia hata kama ni wa kike au wa kiume. Imeandikwa hapo?"

Haikuandikwa. Nilikuwa nimeutazama mstari ule siku nzima. Nilishafungua kinywa kumwambia hapana, macho yakiwa kwenye skrini, mara kwenye mstari ule likatokea neno jipya, na Urho akanishika mkono kwa nguvu.

"Wa kike," nilisema.