Rudia

Onyesho la mwimbaji Taratibu halikuisha bila watu kupiga kelele za "rudia", na wote isipokuwa mmoja walimaanisha kitu kimoja: wimbo umetukuna, tuimbie tena. Yule mmoja alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mama wa makamo, aliyezoea kukaa kiti cha nyuma kabisa karibu na nguzo. Yeye akisema rudia, alimaanisha umeharibu, fumua, anza upya.

Ndivyo alivyozoea kazini. Mshono ukienda upande haubembelezwi. Unachukuliwa wembe, unafumuliwa, unashonwa tena, hata kama mteja amekaa mlangoni anatikisa mguu.

Taratibu mwenyewe alipewa jina hilo kwa uimbaji wake, maana hakuwa na haraka na neno. Alilishika, akalizungusha mdomoni, akaliachia pale ulipokwisha kukata tamaa. Fundi alimpenda kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Hakuwahi kumpa mkono. Hakujua ana watoto wangapi wala anapenda kula nini, na akiambiwa husahau kabla hajafika nyumbani. Lakini siku Taratibu alipomeza neno la mwisho la mstari, au alipowahi kuingia kabla gitaa halijamkaribisha, Fundi alijua, na sauti yake ilitoka kule nguzoni. Waliomzunguka walidhani mama wa watu amepagawa kwa raha, wakamsaidia: rudia, rudia. Taratibu akarudia, na mara ya pili neno likatoka zima.

Wifi yake Fundi, dada wa mumewe, alikuwa wa aina nyingine. Huyu alikuwa katika kundi linaloingia na Taratibu na kutoka naye. Mmoja kazi yake kushika simu, mwingine taulo, mwingine alishika kitasa cha mlango tu, na akaridhika. Wifi alishika chupa ya maji. Alijua Taratibu amelala saa ngapi, amenuniana na nani, viatu vile amevitoa wapi. Ukimuuliza ubeti wa pili wa wimbo wowote, angekuimbia kiitikio, tena nusu.

"Shabiki anaingia mlango wa mbele, anaondoka na wimbo wake," mume wa Fundi alimwambia dada yake siku moja mezani. Alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno. "Mpambe anaingia mlango wa nyuma, na haondoki."

"Kaka, wivu huo."

"Nione wivu wa chupa ya maji?"

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakati huo maneno hayo hayakumhusu.

Asubuhi moja Wifi akatokea kwenye kibanda cha Fundi cha kushonea, hajakaa wala hajasalimia vizuri. "Wifi, unaitwa."

"Na nani?"

"Na Taratibu mwenyewe. Kasema, niletee yule mama wa nguzoni, anayesema rudia. Ana wimbo mpya, anataka usikie kabla haujatoka. Mimi nashika maji miaka yote hii, hajawahi kuniuliza kitu."

Fundi aliacha sindano imezama kwenye kola, akafunga kibanda, akaenda kuvaa gauni lake la kuendea harusini. Moyo ulimwenda mbio kama msichana, na alijua, na alijicheka, na bado akajipaka wanja.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na zulia lililochakaa na magodoro yaliyogongomelewa ukutani ili sauti isitoke nje. Wapambe walijazana kwenye kochi moja. Taratibu alikuwa mfupi kuliko anavyoonekana kutoka nguzoni. Akainuka, akampisha Fundi kwenye kiti chake mwenyewe.

"Karibu, dada. Nimekusikia miaka mingi."

"Mimi, kaka?"

"Hawa wote wanadhani unanisifu. Mimi peke yangu najua kuwa unanisuta."

Watu wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Wifi akaambiwa afungue soda, akamfungulia wifi yake, akamtilia na mrija. Kichwa cha Fundi kikavimba, tusifiche.

Kisha fundi mitambo akawasha wimbo uliokwisha kurekodiwa. Ulikuwa juu ya mama yake Taratibu, aliyemzika mwaka uliopita. Ubeti wa kwanza mama anamfundisha mwana kuimba jikoni. Ubeti wa pili mwana anasafiri na muziki wake. Mpaka hapo kila neno lilikaa mahali pake, na Fundi alisahau soda. Ubeti wa tatu mama yuko kitandani anaomba maji, anamwita mwana kwa jina, na mwana hayupo. Huo Taratibu aliukimbia. Yeye ambaye hakuwa na haraka na neno lolote, aliyapitisha maneno yale kama mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa mkoba, akajificha kwenye kiitikio. Fundi aliuona mshono ule umekwenda upande waziwazi. Neno lake likamfika kwenye ulimi.

"Moto huo," mtu akasema kwenye kochi.

"Hatari tupu," akadakia Wifi.

Taratibu hakuwatazama. Alikuwa amegeuza simu yake kifudifudi juu ya meza, na mikono ameibana katikati ya magoti. "Dada, niambie kweli. Kuna mahali?"

Fundi akaitazama soda. Akakitazama kiti alichokalia, na wifi yake aliyesimama kwa kukosa pa kukaa. Nikisema, aliwaza, sitaitwa tena. Halafu akawaza kwamba mwenzake amefiwa na mama, na ni ukatili kumkosoa mtu kwenye msiba wake. Wazo hili la pili lilikuwa zuri zaidi, akalishika hilo.

"Uko sawa, kaka. Moto."

Neno lilimtoka na sauti isiyo yake. Taratibu alingoja kidogo, kama anavyongoja kwenye nyimbo zake.

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi." Akashusha pumzi, uso ukamlegea. "Ubeti wa tatu ulikuwa unaninyima usingizi. Lakini kama wewe hujasema rudia, hamna kitu." Akamwambia fundi mitambo autoe hivyo hivyo. Tangu siku hiyo Fundi akawa mtu wa ndani. Mwenye taulo alikuwa amesusa kwa mambo yake, taulo akapewa yeye.

Wimbo ulizinduliwa Jumapili mchana, ukumbi umefurika. Fundi aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama pembeni ya jukwaa, taulo begani. Kwenye kiti chake cha nguzoni alikuwa amekaa mumewe. Kutoka pembeni pale muziki haukuja vizuri. Alisikia ngoma zaidi, na visigino vya Taratibu kwenye mbao.

Ubeti wa tatu ulipofika, Taratibu akaukimbia vile vile. Fundi aliona kitu ambacho kutoka nyuma asingekiona: alipoumaliza, macho yake yalikwenda moja kwa moja nguzoni, yakangoja. Kule nguzoni fundi wa friji alikuwa anajikuna sikio.

Fundi aliumia. Aliumia kwa ajili ya wimbo, na kwa ajili ya yule mama aliyeomba maji akapitwa. Hakujizuia tena. "Rudia," akasema, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, na kwa maana yake ile ile.

Taratibu akageuka. Akamwona, akaliona taulo, akatabasamu kama mtu aliyesifiwa. "Asante, dada," akasema kwenye kipaza sauti.

"Rudia," Wifi akapokea. Wapambe wote wakapokea, ukumbi mzima ukapokea, na mume wa Fundi kule nyuma akasimama kwenye kiti, akipunga mkono, akipaza sauti kuliko wote.

Taratibu akarudia. Ubeti wa tatu akaupita mbio zile zile, safari hii anatabasamu. Alipomaliza akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, na Fundi akampa taulo.